Diski ya harusi inacheza kwa laptopu, kwa deki ya mama inagoma

"Assalaam alaikum. Mdogo wangu kaolewa juzi juzi na nimemuahidi mama yetu, anayekaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kumpelekea mkanda wa harusi. Mama hana haja na simu kubwa. Ana TV yake ya zamani na deki ya DVD, na hizo ndizo alizozizoea. Video niliyopewa na mpiga picha ni faili moja la MP4, GB 4, saa mbili na nusu. Nimeshachoma diski tatu. Ya kwanza nimechoma mwenyewe kwa laptopu ya Windows: nilitia diski ya kufutika, nikaliburuta faili likaingia. Deki ikazunguka, ikazunguka, ikaandika 'No Disc'. Ya pili nilichomewa saiba. Hiyo deki inaisoma na jina la faili linatokea, lakini nikibonyeza inakataa. Ya tatu kaichoma mpwa wangu kwa programu ya kutengeneza DVD, na menyu ikatokea vizuri, nikaibandika stika yenye picha ya maharusi. Imecheza saa moja na dakika arobaini, kisha picha ikavunjika vipande vipande na kuganda, na kila nikiirudia inaganda hapo hapo. Zote tatu kwa laptopu zinacheza bila shida. Filamu za kununua mama anazitazama kila siku. Jirani asema ni msimbo wa eneo, eti diski na deki haziafikiani. Fundi asema lenzi imekufa na ataka kuibadilisha. Nimsikilize nani?"

Waalaikum salaam dada yangu, na hongera kwa harusi. Kwa haya uliyoeleza, fundi wako usimpe pesa bado, na jirani mshukuru tu. Deki iliyocheza diski ya tatu kwa saa moja na dakika arobaini haina lenzi iliyokufa. Diski zako zina maradhi matatu mbalimbali, na umefanya jambo la maana sana kunieleza kila moja ilivyofanya. Wengi huniandikia "haichezi" basi, na mimi hubaki kubahatisha.

La jirani nilimalize haraka. Msimbo wa eneo upo kweli. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo, na Kenya imo katika eneo la 5. Lakini msimbo huo hutiwa na kampuni kwenye filamu zake zenyewe. Programu za kawaida za kutengeneza DVD nyumbani huiacha diski wazi kwa maeneo yote. Hilo liondoe kichwani.

Linalowapoteza watu zaidi ni hili la "kwa laptopu inacheza". Laptopu ina nguvu za kufungua karibu kila aina ya video, na ikikuta aina mpya unatia programu kama VLC na mambo yanakwenda. Ikikuta sehemu ya diski isiyosomeka vizuri, huirudia mara nyingi kabla ya kukata tamaa. Hata diski ambayo haikufungwa sawasawa inaweza kuisoma. Deki haina anasa hizo. Ndani yake mna chipu moja iliyofundishwa kazi yake kiwandani, na imefundishwa kanuni za DVD za katikati ya miaka ya 1990. Video ya MP4 ya mpiga picha wako kwa kawaida huwa imebanwa kwa njia iitwayo H.264, ambayo ilikubaliwa rasmi mwaka 2003. Kwa hiyo diski kucheza kwa laptopu kunathibitisha kwamba video haikuharibika. Kuhusu deki, hakuthibitishi kitu.

Deki inataka mambo matatu, na yakikosekana mawili au hata moja, inagoma. Kwanza, video iwe ya aina ya MPEG-2, imepangwa ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS, yenye mafaili yanayoishia kwa IFO, BUP na VOB. Pili, diski iwe imefungwa, yaani mashine iliyochoma imeandika alama za mwisho zinazoiambia deki kwamba kazi imekamilika. Tatu, mwanga unaorudi kutoka kwa diski uwe na nguvu ya kutosha.

Hili la mwanga nitalieleza kwa utuvu, maana ndilo linalofanya watu waamini lenzi imekufa. Deki husoma kwa kumulika mwali mwekundu mwembamba juu ya diski na kupima unavyorudi. Filamu ya kiwandani imepigwa muhuri: vishimo vidogo mno vimefinywa kwenye plastiki, kisha vikapakwa metali inayong'aa. Diski tupu ya dukani haina vishimo hivyo. Ina tabaka la rangi maalumu, na mashine ya kuchoma huipiga rangi hiyo kwa mwali mkali zaidi ili iache madoa yanayojifanya vishimo. Ya kiwandani ni kama maandishi ya wino, na ya nyumbani ni maandishi ya penseli: yanasomeka, lakini macho yakianza kuchoka, penseli ndiyo inayotangulia kupotea. Ndiyo maana deki ya miaka mingi inaweza kucheza filamu za kununua siku nzima na bado ikapata taabu na diski yako.

Hapa nakuomba ufanye jambo dogo. Zigeuze filamu za mama utazame upande wa chini. Zilizo na rangi ya fedha tupu ni za kiwandani. Zikiwa na rangi ya zambarau au zinapiga ubuluu, hizo zimechomwa kama yako, na filamu nyingi zinazouzwa mitaani ni za namna hiyo. Mama akiwa na hata moja ya zambarau inayocheza mpaka mwisho, basi deki yake inasoma diski za kuchomwa na mjadala wa lenzi umekwisha.

Sasa diski ya kwanza. Umesema ni ya kufutika, na hapo pana makosa mawili kwa pamoja. Diski za kufutika, zile zilizoandikwa RW, hurudisha mwanga mchache kabisa: kati ya asilimia 18 na 30 ya mwanga unaozipiga, ilhali diski ya kawaida ya kuchoma mara moja hurudisha asilimia 45 hadi 85. Baadhi ya deki, hasa za zamani, zikipata mwanga hafifu namna hiyo huona hapana diski, na ndipo zinapoandika "No Disc". Kosa la pili ni lile swali ambalo Windows huuliza ukitia diski tupu: utaitumia vipi? Jibu la kwanza kwenye orodha ni "Like a USB flash drive", na wengi hulibonyeza kwa kuwa ndilo lililo juu. Ukilichagua, diski hupangwa kwa mtindo wa flashi, na mtindo huo deki haiujui kabisa. Hata lile chaguo la pili, "With a CD/DVD player", halitakusaidia ukitia MP4, maana Windows itaifunga diski vizuri lakini video itabaki MP4 ile ile. Diski hii usiisumbukie. Ni ya kufutika, kwa hiyo ifute uiwekee mambo mengine.

Ya pili, ya saiba, ilichomwa kwa diski ya kawaida na ikafungwa. Ndiyo maana deki imeweza kuona jina la faili. Kilichokosekana ni aina ya video. Kijana wa saiba alinakili faili kama lilivyo, akadhani kazi imekwisha. Deki nyingi hukubali mafaili ya AVI ya zamani yaitwayo DivX au Xvid, lakini MP4 ya H.264 huzishinda.

Diski ya tatu ndiyo inayonipa moyo. Menyu ilitokea, picha ikaja, sauti ikaja. Mpwa wako alijua alifanyalo. Lililobaki ni kwa nini inaganda, na hapo umenipa dalili mbili nzuri: inaganda mwishoni mwishoni, na kila mara hapo hapo. Ingekuwa inaganda leo hapa na kesho kwingine, ningeishuku deki: joto, vumbi kwenye lenzi, au mota iliyochoka. Ikiganda mahali pale pale, mara nyingi kosa limo ndani ya diski.

DVD huandikwa kuanzia ndani, karibu na tundu, kuelekea ukingoni. Saa moja na dakika arobaini katika saa mbili na nusu ni sehemu ya nje ya diski, na ukingoni ndiko matatizo yote ya kuchoma hujikusanya. Mpwa akiichoma kwa kasi ya 16x, mashine hufikia kasi hiyo karibu na ukingo, na madoa huandikwa kwa pupa. Tena kuna stika. Dada yangu, stika ya karatasi juu ya DVD ni adui. Uzito wake ukizidi upande mmoja hata kidogo tu, diski inayozunguka kwa kasi hutetemeka, na kutetemeka huzidi kadiri unavyokwenda nje. Na kwa unyevu wetu wa Mombasa, karatasi hunywa maji hewani, hukauka, hunywa tena, na gundi huivuta diski ikapinda. Usijaribu kuibandua sasa, utaiharibu zaidi. Diski ijayo iandike kwa kalamu laini ya wino wa maji, kamwe si kwa biki.

Hata hivyo kuna mshukiwa mwingine, nisingependa kumwacha. Katika dakika ile ya kuganda kuna nini kwenye picha? Nauliza kwa sababu mkanda wa harusi una sehemu zinazohitaji data nyingi kwa sekunde kuliko nyingine. Shehe anaposoma hotuba ya nikaha, watu wametulia, picha haibadiliki sana. Bibi harusi anapotolewa, taa zinamweka, vazi lina vito kila inchi, mashoga wanapiga vigelegele na kupunga mikono: kila kitu kwenye picha kinatembea. Programu ikiachwa huru humwaga data nyingi hapo. Kanuni za DVD zinaruhusu video kufika megabiti 9.8 kwa sekunde, lakini diski ya kuchomwa nyumbani inayopanda mpaka hapo huilemea deki ya zamani.

Kuwatenganisha washukiwa hawa ni rahisi. Itie diski kwa laptopu, uinakili folda yote ya VIDEO_TS kwenye hadi diski ya laptopu. Kasi ikianguka ghafla karibu na mwisho, mashine ikaanza kunguruma, au ikaleta ujumbe wa kosa, basi diski ilichomwa vibaya. Ikinakili yote kwa mwendo mmoja bila kusita, shuku wingi wa data.

Sasa tuichome ya nne. Hapa nataka uelewe jambo moja ambalo limewafanya wengi walie. Wewe umeona faili ni GB 4 na diski imeandikwa GB 4.7, ukasema inaingia. Lakini deki haitapokea faili hilo. Video itageuzwa kuwa MPEG-2, na hapo ukubwa wa faili la mwanzo haujalishi tena. Kinachohesabiwa ni muda. Saa mbili na nusu kwenye diski moja zinakupa takriban megabiti 4 kwa sekunde, sauti ikiwemo. Inatazamika, ila kwenye vigelegele utaona picha inameguka vijiraba. Ushauri wangu ni kuigawa kwa diski mbili: nikaha na shughuli za wanaume kwenye moja, kupambwa na kutolewa bibi harusi kwenye nyingine. Kila moja ikiwa na saa moja na robo, unaweza kuipa video megabiti 6 mpaka 7 na picha itakuwa safi, na hutaugusa ukingo wa diski sana. Diski za tabaka mbili za GB 8.5 sikushauri. Deki nyingi husita pale tabaka linapobadilika, na nyingine hazivuki kabisa.

Nunua DVD-R, yenye alama ya kutoa. DVD-R ilitoka mwaka 1997, na DVD+R ikafuata mwaka 2002, kwa hiyo deki kongwe zimeizoea zaidi ile ya kwanza. Ukiikosa, chukua +R, deki nyingi za baadaye huzikubali zote mbili. Ila ziwe za kampuni inayojulikana na zitoke kwenye kasha lililofungwa. Zile zinazouzwa moja moja bila kifuko, zimekwaruzana na kukaa juani kwenye meza ya kando ya barabara, ziache.

Kwa kutengeneza, tumia DVDStyler, ni ya bure. Chagua PAL, maana ndio mfumo wa TV zetu za zamani. Ukichagua NTSC, kuna TV zitakazokuonyesha harusi kwa rangi nyeupe na nyeusi. Iambie programu isichome moja kwa moja bali ihifadhi faili la ISO, yaani DVD nzima ikiwa ndani ya faili moja. Lifungue ISO hilo kwa VLC na ulitazame, menyu zote, mwanzo na mwisho, kabla hujapoteza diski. Kisha lichome kwa ImgBurn, nayo ni ya bure, uchague kasi ya 4x au 8x na uweke alama kwenye sehemu ya kuhakiki baada ya kuchoma. Watu husema kadiri unavyochoma polepole ndivyo bora, hata 1x. Si hivyo. Diski za siku hizi rangi yake imetengenezwa kwa mwali wa kasi, na ukiichoma polepole kupita kiasi huungua ovyo. Kwa 4x diski nzima huchukua karibu robo saa. Wakati huo usifungue mambo mengine kwenye laptopu, na uichomeke kwenye umeme.

Ukiamua kurudi saiba badala ya kuchoma nyumbani, hapana tatizo, lakini mwambie kijana kwa maneno haya: "Nataka DVD ya kucheza kwa deki, yenye VIDEO_TS, PAL, kasi ya 8x, uifunge na uihakiki." Na hili nalisema kwa uzito: video ya ukumbi wa wanawake usiiache kwenye kompyuta ya watu. Kaa hapo mpaka amalize, afute faili na kila kilichogeuzwa, na kapu la taka limwagwe mbele yako. Wanawake waliovua buibui ukumbini hawakukubali kuonekana na kila anayekalia kiti kile. Kwa diski ya shughuli ya wanawake, mimi ningechoma nyumbani tu.

Je, kuna njia isiyokuwa na diski? Ipo, na ni haki uijue. Kama mama alipata king'amuzi wakati matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015, au amenunua baadaye, kitazame mbele au nyuma: vingi vina tundu la USB na vingine hucheza video. Jaribu MP4 fupi kwa flashi iliyopangwa kwa FAT32, yaani mtindo mmojawapo wa kupanga mafaili, na kumbuka FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, kwa hiyo lako italazimu ulikate. Deki yake nayo ikiwa na tundu la USB, usitarajie mengi. Kilichoishinda kwenye diski kitaishinda kwenye flashi. Kwa mtu mzima aliyezoea kutia diski na kubonyeza kitufe kimoja cha rimoti, nadhani diski mbili nzuri ndizo zitakazompa raha. Sioni sababu ya kumbadilishia vifaa kwa ajili ya mkanda mmoja.

Lolote utakalochoma, faili la mpiga picha liweke mahali pawili, kwa mfano kwenye laptopu na kwenye hadi diski ya nje. Rangi ya diski hufifia kwa mwanga na joto, na hewa yetu ya chumvi haiisaidii. Mwambie mama aziweke kwenye kasha, zimesimama, ndani ya kabati, mbali na dirisha.

Sasa fundi. Kuna wakati anahitajika kweli. Filamu za fedha za kiwandani zikianza nazo kukataa, deki ikitoa mlio wa kukwaruza, trei ikikwama, au diski yako ya nne ikicheza vizuri kwa deki ya jirani na kukataa kwa ya mama, hapo mpelekee. Kwanza mwambie aisafishe lenzi, kwani vumbi na unyevu wa Mji wa Kale huacha utando juu yake. Ni kazi ya dakika chache kwa pamba na spiriti safi, deki ikiwa imechomolewa kwenye umeme. Usiifungue mwenyewe ikiwa inawaka, ule mwali unadhuru macho. Kuna mafundi ambao badala ya kusafisha hukaza kijiskrubu kidogo kando ya lenzi kuongeza nguvu ya mwali. Deki hufufuka siku hiyo hiyo, mwenyewe akafurahi, lakini mwali uliozidishwa huungua mapema, na baada ya muda hata filamu za kununua hazichezi. Muulize waziwazi kama ataigusa, na umkataze.

Akisema lazima lenzi yote ibadilishwe, uliza bei kabla hajaifungua, kisha ulinganishe na bei ya deki nyingine iliyotumika. Nenda na diski mbili, filamu moja ya fedha na ile ya nne uliyoihakiki, na zote zicheze mbele yako mpaka dakika za mwisho kabla ya kumlipa. Dakika tano za mwanzo zisikuridhishe. Hata ile diski yako ya tatu ilizipita dakika tano bila shida.